Chuma Kinachokunywa Maji

Mara ya kwanza waya ule kuniuma ilikuwa mchana kweupe, hakuna wingu hata moja juu ya ziwa. Nilikuwa nafuta vumbi. Nikashika ncha ya waya wa redio ili nipitishe kitambaa, na kitu kikanirukia kidoleni, ta, kikapanda mpaka kwenye kiwiko. Kelele niliyopiga ilimtoa mama mkwe wangu jikoni, mwiko ungali mkononi. Sisi watu wa Nchelenge tunamjua samaki mwenye umeme, yule mnene asiye na magamba, ambaye mvuvi akimgusa wavuni humwachia upesi na kumtukana. Nikamwambia mama mkwe kwamba samaki yule sasa amehamia kwenye redio. Hakucheka. Aliutazama waya, akautazama mkono wangu, akasema, "Usiguse tena. Redio hii ikikufa, nitayua namna gani kama maneno yangu ilifika?"

Maneno hayo ndiyo yalikuwa roho yake wakati ule, na ili uyaelewe lazima nikuingize ndani ya nyumba yetu kidogo.

Mimi ni mtu wa hapa hapa, nimezaliwa katika Kibemba, lakini niliolewa katika nyumba ya Kiswahili. Mama mkwe alizaliwa ng'ambo ya ziwa na mpaka, Pweto, akaletwa upande wetu na marehemu mumewe aliyekuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Alivuka na vyungu vyake, mikeka yake na lugha yake, na hakuna alichokiacha majini. Majirani walimsemesha Kibemba, yeye akawajibu Kiswahili, na mambo yakaenda, kwa kuwa sokoni kila mtu alikijua cha kununulia na kuuzia. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mume wangu alipeleka samaki kwenye miji ya migodi kwa lori, na safari moja alirudi na redio. Aliipakata magotini njia nzima, maana hakuthubutu kuiweka nyuma pamoja na magunia. Ilikuwa ya mviringo, ya bati la buluu, na betri yake ilikuwa nzito kuliko yenyewe. Tangu siku hiyo jioni zetu hazikuwa zetu tena. Watu walikuja na vigoda vyao, wakaketi uani kwetu mpaka matangazo yaishe, na mimi nilifurahi mno, sitaki kudanganya. Nilikuwa mke kijana, na ghafla nyumba yangu ndiyo ilikuwa nyumba.

Mama mkwe alikuwa na watoto wawili tu, mume wangu na binti mmoja. Binti huyo alikuwa ameondoka miaka kadhaa kabla sijaolewa. Alimfuata dereva wa lori kabla wazee wa pande mbili hawajakaa mkeka mmoja, na mama yake alisimama mlangoni akamwambia asikanyage tena kizingiti kile. Binti alikuwa na kichwa kigumu, hakukiokota barabarani, alikirithi. Akatii. Tulisikia kwamba yuko Kitwe, tukasikia amezaa, na hatukusikia zaidi. Mama mkwe hakuwa akimtaja. Lakini kila lori la samaki lililorudi kutoka huko, alikuwa na sababu ya kupita sokoni.

Basi, mwisho wa kiangazi likaja gari la kunasa sauti. Lilitoka Lusaka, likapita vijiji vya ziwa likinasa nyimbo za watu ili zipigwe redioni. Kwetu liliinasa kwaya ya kanisa. Mama mkwe alianzisha, wanawake wakapokea, na besi ikashikwa na mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti la sikukuu, ambaye sauti yake ilianzia tumboni mwa nchi. Tulipomaliza wimbo wa mwisho, kabla fundi hajafunga mtambo, mama mkwe alisogea mbele mwenyewe, akainamia kile chombo cha kusemea, akasema maneno kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nyuma na mtoto mgongoni. Nililisikia jina la binti tu, mengine sikuyapata. Mzee wa kanisa alikasirika, kwamba kipindi ni cha Kibemba na ni cha nyimbo, na yule mama amekitia matope. Fundi akasema ameshayanasa, ila kuyakata au kuyaacha ni kazi ya wakubwa wake huko Lusaka.

Kesho yake ndipo waya uliniuma. Sasa unaelewa kwa nini hakucheka.

Aliuweka mwiko juu ya meza, akafunga kitambaa kichwani, akashika njia. Gari la kunasa sauti lilikuwa bado limepiga kambi karibu na ofisi za serikali. Alirudi na fundi nyuma yake, akitembea haraka kuliko alivyopenda, na nadhani hakuulizwa kama ana nafasi. Alikuwa kijana mpole, Mbemba kama mimi, anayekijua Kiswahili kwa sababu alikulia karibu na mpaka. Akautazama waya wetu uliotoka juu ya mlingoti mrefu, ukapita juu ya vichanja vya samaki, ukaingia dirishani. Akauliza kama unauma. Nikamwonyesha kidole. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Alitueleza pale pale, na mimi nilimsikiliza mdomo wazi. Alisema upepo mkavu wenye vumbi unausugua waya na kuujaza umeme, hata kama mvua iko mbali. Umeme huo unatafuta njia ya kushuka ardhini. Usipopewa njia, unapita ndani ya redio, na huko ndani mna nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, zinaungua bila hata kutoa moshi wa kutosha kukuonya. Redio ya duka moja kule Kabuta ilikuwa imekufa hivyo hivyo, mwenyewe akidhani betri imekwisha, akanunua nyingine bure.

Kisha akafanya kazi. Alichukua kipande cha bomba la chuma, akakipigilia ardhini nje ya dirisha mpaka kikabaki kichwa tu. Juu ya kipande cha ubao mkavu akapiga misumari miwili, ncha zikitazamana, na kati yao akaacha nafasi ya kupitisha ukucha. Msumari mmoja akaufunga kwenye waya wa juu, mwingine kwenye chuma cha ardhini. Umeme ukizidi, alisema, utaruka kutoka msumari huu hadi ule, utashuka chini, na redio itaendelea kusema. Akaweka pia swichi ndogo. Ngurumo zikifika karibu, tuivute, waya wote uende ardhini na redio ikae kimya, hapo hakuna mjadala.

"Lakini mchanga wenu ni mkavu," akasema. "Mchanga mkavu haumezi kitu. Chuma hiki lazima kinywe maji kila siku. Tia na chumvi. Misumari ikilia, ujue mko salama. Misumari ikinyamaza na waya unauma, ujue chuma kina kiu, na redio iko hatarini."

Jioni ile ile upepo ulivuma kutoka bara, na misumari ikalia. Ta. Ta. Cheche ndogo ya buluu, nzuri ajabu, ikiruka na kuzima, na redio ikiimba kama hakuna kilichotokea. Nilipiga makofi. Watu waliacha kusikiliza nyimbo wakaja dirishani kutazama misumari. Nilijiona nimeolewa mahali pazuri kuliko wanawake wote wa ufukweni.

Kazi ya kunywesha chuma aliichukua mama mkwe, hakumpa mtu. Kila jioni kabla ya matangazo alitoka na kikombe cha bati, akainama ukutani, akamwaga. Tatizo ni kwamba mama mkwe hakuweza kufanya kazi yoyote kimya. Alisema na chungu, alisema na kuku, alisema na mlango ukikwama. Kwa hiyo alisema na chuma. "Kunywa," alikiambia. "Kunywa yote, usibakishe. Unilindie mutoto yangu. Kesho nitakuletea tena."

Jirani mmoja alimsikia, na maneno yakamfikia mzee wa kanisa. Akaja mwenyewe jioni, akasimama penye kona ya nyumba, akamwona mama wa kwaya yake ameinama, anamwagia chuma maji na kukiomba kimlindie mtoto. Ninamlaumu hadi leo, lakini nikiwa mkweli, hata mimi ningekuwa mgeni ningewaza alichowaza. Bibi zetu waliwamwagia wafu wao, mipashi, hivyo hivyo, kwa kikombe, kwa maneno kama hayo.

"Mama," akamwambia, "sasa unarudi kwa mipashi? Wewe mama ya kanisa, unapatia chuma mayi na kuiomba?"

"Batata, baba yangu, hii ni kazi ya redio. Fundi njo alisema."

"Fundi alisema uongee nayo?"

Mama mkwe akachukua kikombe chake, akaingia ndani. Jumapili mzee akasema mbele ya watu wote kwamba nyumba itakayoendelea kunywesha chuma haitapokea meza ya Bwana. Hakututaja, na kila shingo ikageuka kututazama.

Nilidhani mama mkwe atapigana. Nilitaka apigane, damu ilikuwa imenichemka. Lakini alirudi nyumbani, akakiosha kikombe, akakitundika. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba amemwomba Mungu maneno yake yafike kwa binti yake, na hawezi kumwomba huku ametengwa na meza yake. Mume wangu alikuwa Mununga kwa biashara ya samaki, kwa hiyo shauri lilibaki letu wawili. Nikaanza kuoshea vyombo karibu na dirisha, na maji machafu nikawa nayamwaga pale pale kwa bahati mbaya. Nadhani alinivumilia kidogo. Halafu akanikuta.

"Mwanangu, Mungu anaona ile sufuria yako," akasema, na mimi nikahamisha vyombo.

Wiki ile ile mtangazaji akasema redioni kwamba siku kama ya leo, wiki ijayo, jioni, tutasikia nyimbo za watu wa Nchelenge. Ua mzima ulisimama. Mzee wa kanisa, ambaye alikuwa na hasira na chuma lakini si na redio, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Nilimwona anatengeneza kola ya shati lake, kana kwamba wanamwona kutoka Lusaka. Mama mkwe aliinama, akaanza kuchuna nyuzi za kitambaa chake. Sasa siku ilikuwa imejulikana, na mvua nazo zilikuwa zinakaribia.

Siku yenyewe upepo uliamka na jua. Ulitoka bara, mkavu, mwekundu, ukapeperusha mikeka na kujaza mchanga kwenye ugali wa watu. Mchana nikaenda kuitazama misumari. Ilikuwa kimya. Nikausogezea waya mgongo wa kidole, na ukaniuma vibaya kuliko mara ya kwanza. Nikajua. Nje, udongo kuzunguka chuma ulikuwa umepasuka, na chuma kilicheza ukikishika. Umeme wote wa upepo ule ulikuwa juu ya nyumba yetu na njia yake ilikuwa redio. Nikauchomoa waya, redio ikabaki bila sikio.

Jioni watu wakaja wengi kuliko siku zote. Jua lilikuwa bado juu ya kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani kwetu, na kusini, upande wa mto Luapula, wingu jeusi lilikuwa linapanda. Walikuja wanakwaya wote, wamevaa. Mzee wa kanisa akaketi mbele na koti lake. Mama mkwe alikuwa ndani, pembeni ya redio, mikono magotini, hasemi na kitu chochote. Ukimya huo ulinivunja moyo kuliko kama angelia.

Nikatoka nje. Mke wa mtu hasimami mbele ya wanaume na kusema hivyo, najua, lakini nilisimama.

"Batata," nikamwambia mzee, "chuma iko na kiu. Nikichomeka waya sasa, redio itakufa. Nisipochomeka, hakuna mutu atasikia kwaya. Hata besi."

 Mzee akageukia dirisha.

"Hiyo waya iko na nini?"

"Kuya uguse."

Akaingia, akiinamisha kichwa mlangoni. Nilimshikia waya mahali palipofunikwa na mpira, yeye akanyoosha kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepima uji. Cheche ilimrukia kabla hajagusa. Alirudi nyuma hatua moja, akakishika kidole kile kwa mkono mwingine, akaketi kwenye kigoda changu.  Nje wingu lilikuwa limeshapita juu ya vichanja, na kwenye saa ya duka iliyotundikwa jirani kipindi kilikuwa karibu. Nilitaka kumtikisa.

"Mayi gani?" akauliza mwishowe.

"Ya ziwa. Na chumvi."

"Mayi haina zambi," akasema. Alikuwa anajisemea, anatafuta njia. "Chumvi haina zambi. Maneno njo zambi." Kisha akasimama, akatoka mlangoni, akawaambia watu kwa sauti ile ya besi, "Leteni ndoo. Kila mutu amwage. Lakini mutu asiseme neno. Hata moja."

Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeona mengi. Kwaya nzima iliteremka ziwani na nguo zao nzuri. Wakapanga mstari kutoka majini mpaka ukutani kwetu, ndoo zikapita mkono kwa mkono, masufuria, kata, hata chungu cha bia ambacho hakuna aliyeuliza kimetoka wapi, na wote midomo imefungwa. Wanawake wale ambao hawajawahi kunyamaza hata kwenye maziko! Unaona mtu anataka kucheka, anajiziba kwa kanga. Mzee mwenyewe alisimama penye chuma na kumwaga, maji yakimwingia viatuni. Udongo ulikunywa, ukanywa, ukatulia. Nikachomeka waya. Na misumari ikalia, ta, ta, ta, haraka, buluu kabisa, na redio ikafungua mdomo.

Wimbo wetu ulikuwa umeshaanza.

Niliisikia kwaya ya ufukwe wangu ikitoka kwenye bati la buluu na nikasogea mpaka kwenye swichi. Besi ikaingia, na uani mtu mmoja mrefu mwenye viatu vilivyolowa akafumba macho. Ukaja wa pili, ukaja wa mwisho. Cheche zilikuwa hazipumziki, kila moja ilikwaruza sauti kidogo, na mbali ziwani ngurumo ya kwanza ikasikika. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye swichi. Ikija ya pili karibu, nitavuta, nimeagizwa. Wimbo ukaisha. Mama mkwe akausogeza uso karibu na bati.

Kukawa na mkwaruzo, halafu mwanamke mmoja akaanza kusema kwa Kiswahili.

"Ule mama muzee ni nani?" mama mkwe akaniuliza kwa mashaka.

Hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Aliitazama redio kwa wasiwasi, kama mtu aliyeingiliwa na mgeni. Ndipo mwanamke yule akalitaja jina la binti, na mama mkwe akaweka mkono kifuani.

"Ule mulango nilikukataza," redio ikasema, "miye njo nilifunga, na miye njo nafungua. Nilikuwa na kasirani. Mama yako anazeeka. Kuya na mutoto wako nimuone."

Hawakuyakata. Watu wa Lusaka, Mungu awabariki popote walipo, hawakuyakata. Mtangazaji akaendelea na Kibemba chake, radi ikapiga juu ya maji, nikaivuta swichi, na mvua ya kwanza ya mwaka ikatuangukia wote. Hakuna aliyekimbia. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na mama mkwe aliketi bila kusogea mbele ya redio iliyonyamaza, akiitikia kwa kichwa, kana kwamba yule mama mzee alikuwa bado anasema na yeye anakubaliana naye.

Binti alikuja mvua zilipokaribia kwisha. Alishuka kwenye lori la samaki, mtoto wa kike mkononi, akasimama barabarani mbele ya nyumba bila kusogea. Yeye mwenyewe hakuwa amesikia, alituambia baadaye. Hakuwa na redio. Jirani zake kwenye kompaundi ndio walikuja mbio kumwambia kwamba mama yake anamwita mbele ya nchi nzima, kwa Kiswahili, na kila mtu amesikia.

Mama mkwe hakumkimbilia. Aliingia ndani akatoka na kikombe cha bati kimejaa, maana mtu aliyetoka safari hupewa maji kwanza. Binti akavuka kizingiti, akapiga magoti, akanywa nusu, akamnywesha mtoto kidogo. Kilichobaki mama mkwe alikichukua. Akazunguka ukuta mpaka dirishani, sisi sote nyuma yake, na pale kwenye kona alikuwapo mzee wa kanisa, aliyekuja kusalimu mgeni. Wakatazamana. Mama mkwe akainama, akamwaga maji yale juu ya chuma.

"Kunywa," akakiambia. "Alifika."

Mzee alisikia, alikuwa karibu sana asiweze kutosikia. Akavua kofia, akageukia ziwani, akaniuliza mimi kama mwaka huu samaki wa mpumbu wamepanda mto kwa wingi. Nikamjibu kwamba wamepanda.